Bajeti ya chakula 80,000 kwa wiki, watu sita, Buhongwa (Mwanza): inakatika Alhamisi. Inavuja wapi?

Mama_Buhongwa

Habari za jioni wakuu. Naomba macho ya wanaojua hesabu za jikoni.

Kaya ni ya watu sita: watu wazima wawili (mmoja mchana anakula kazini), wa sekondari anayekula akirudi saa kumi, wawili wa msingi wanaokula shuleni Jumatatu hadi Ijumaa, na mdogo wa miaka mitatu. Fungu la chakula ni 80,000, wiki inaanza Jumapili. Mkaa, gesi na sabuni vina fungu lake, msiviingize humu.

Manunuzi ya Jumapili, kwa bei za hapa mtaani:

Sembe kilo 5: 7,500
Mchele kilo 4: 10,000
Maharage kilo 1: 3,000
Mafuta lita 1: 6,000
Sukari kilo 2: 6,000
Nyama kilo 1: 12,000
Sato, mafungu mawili: 10,000
Dagaa kopo: 2,000
Nyanya na vitunguu: 6,000

Jumla 62,500. Zinabaki 17,500 za mboga za majani, maziwa ya mdogo, vitafunwa vya asubuhi na lolote litakalozuka. Vitafunwa ni maandazi ya jirani, 200 kwa moja, mawili kwa kila kichwa.

Alhamisi jioni hela hakuna na unga nao umekwisha. Ijumaa na Jumamosi ni daftari la dukani. Kuna wanaonishauri ninunue gunia la mahindi, wengine wanasema niende Mwaloni, soko la samaki na dagaa kule Kirumba. Nianze na kipi? Na hiyo 80,000 inatosha kweli au najidanganya?

---

Mezani_kwa_Mzani

Inatosha, ila inabana. Gunia na Mwaloni viache kwanza, majibu matatu yamo kwenye orodha yako mwenyewe.

La kwanza, maandazi. Watu sita, mawili mawili, ni 12 kwa siku. Kwa 200 ni 2,400. Mara siku saba ni 16,800. Wewe umebakiwa na 17,500. Yaani baada ya chai ya asubuhi, mboga za majani na maziwa ya wiki nzima vimeachiwa shilingi 700. Hapo hakuna uvujaji wa kutafuta kwa tochi. Andazi huwa haliandikwi kwenye orodha kwa sababu linanunuliwa kwa sarafu, na kitu kinachonunuliwa kwa sarafu hakuna anayekijumlisha.

La pili, unga. Usihesabu watu, hesabu sahani. Mtu mzima na wa sekondari sahani moja kila mmoja, wa msingi robo tatu, mdogo nusu. Chakula cha usiku kwako ni sahani 5. Mchana wa siku za shule ni sahani mbili na nusu, mchana wa Jumamosi na Jumapili sahani 5. Jumlisha wiki nzima: usiku 35, mchana wa wiki 12 na nusu, mwisho wa wiki 10. Ni sahani 57 na kitu, weka 58.

Sahani ya ugali wa kushiba inakula unga gramu 170 hivi. Sahani ya wali, mchele mkavu gramu 120. Ukisonga ugali mchana na usiku siku za kazi, ni sahani 7.5 kwa siku, karibu kilo 1 na robo ya unga. Kilo 5 gawa kwa hiyo: siku nne. Ndiyo maana unga unakata pale pale hela inapokata, na unaona kama bahati mbaya moja wakati ni hesabu mbili tofauti.

Wakati huohuo mchele kilo 4 ni sahani 33. Ni mwingi. Unapikwa kwa ukarimu Jumapili na Jumatatu kwa kuwa upo, halafu kipolo kinamwagwa. Geuza uwiano: sembe kilo 6 na nusu (sahani 38), mchele kilo 2 na nusu (sahani 20 na chenji). Kwa bei zako ni 9,750 na 6,250, jumla 16,000. Umepunguza 1,500 na sahani zimetimia 58.

Tatu, sukari. Kilo 2 kwa siku saba ni gramu 285 kwa siku, sawa na vijiko vya chai 57. Gawa kwa vichwa sita, kila mmoja anakula vijiko tisa na nusu kila siku, hata huyo wa miaka mitatu. Kilo 1 na robo inatosha bila mtu kununa, mradi sukari iwekwe kwenye sufuria ya chai na mpishi mmoja. Bakuli la sukari likikaa mezani hakuna bajeti itakayolishinda.

---

Kirumba_Asubuhi

Naongezea kwenye dagaa tu, kwa sababu hapo ndipo wengi wa Mwanza wanalipa zaidi ya inavyotakiwa huku ziwa liko mlangoni.

Dagaa hawafuati wiki, wanafuata mwezi wa angani. Wavuvi wanawavuta kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaza, taa haina kazi, mitumbwi inakaa pwani siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu. Kwa hiyo kila siku 29 au 30 kuna kipindi mzigo unajaa na kipindi unakauka, na bei inapanda na kushuka humohumo. Ukinunua kopo kila Jumapili, angalau Jumapili moja kwa mwezi unaangukia pabaya. Nunua mara moja kwa mwezi, wiki ya giza, baada ya siku tatu nne za jua kali mfululizo. Usinunue mara tu baada ya mvua za siku nyingi: dagaa hawajakauka, wanaletwa wakiwa na rangi ya kahawia na harufu ya kuchacha, na ukiwafungia kwenye ndoo wanapata ukungu ndani ya wiki.

Namna ya kuwachagua:

Chukua mmoja mvunje. Mkavu anakatika kwa mlio. Anayejikunja bado ana maji, na hayo maji unayalipia kwa bei ya dagaa.

Rangi iwe ya fedha, tumbo halijapasuka.

Uliza wameanikwa wapi. Wa kwenye chanja ni ghali kuliko wa mchangani, lakini usidanganyike na tofauti hiyo. Tia kiganja kimoja kwenye bakuli jeupe la maji, koroga, subiri dakika moja, mwaga maji taratibu uangalie chini. Mchanga ukifunika kitako cha bakuli, hao waache hata wakiwa nusu bei. Utawaosha maji matatu na bado utatafuna mchanga.

Wale wa bei ya kutupa wanaouzwa kwa magunia ni wa chakula cha kuku. Wanakaushwa ovyo na kufagiliwa chini. Ukiona muuzaji anashangaa kwamba unanunua kilo mbili tu, umesimama kwenye mzigo wa mifugo.

Kwa kaya yako, mboga moja ya usiku ni dagaa gramu 150 hadi 200 wakavu. Milo mitatu kwa wiki ni nusu kilo, kwa mwezi kilo 2. Sasa angalia jiografia: kutoka Buhongwa hadi Mwaloni ya Kirumba unavuka jiji zima, kwenda na kurudi, na asubuhi yote imekwisha. Kilo 2 hazilipi safari hiyo. Unganeni nyumba tatu au nne, aende mmoja na orodha, alete kilo 6 au 8, nauli igawanywe. La sivyo nunua hapo hapo Buhongwa lakini kwa mzani na kwa wiki ya giza.

Nyumbani waanike tena siku moja juani hata kama wanaonekana wakavu, waache wapoe kabisa kivulini, ndipo uwafungie kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. Ukiwafungia wa moto, mvuke unageuka maji ndani ya ndoo na kazi yote imeharibika.

---

Dona_Misungwi

Gunia si kosa, kosa ni kulinunua mwezi wowote na kuliweka popote.

Mahindi na mpunga vinashuka bei baada ya mavuno, kwa huku kwetu kati ya Juni na Agosti. Ukinunua gunia Februari umemlipa mtu mwingine gharama za ghala lake. Subiri.

Hesabu ya kilo 100: ukikoboa na kusaga sembe, unatoka na unga kilo 70 hivi, kutegemea mahindi na mashine, iliyobaki ni pumba. Kwa matumizi ya kilo 6 na nusu kwa wiki ni wiki 10 au 11. Ukisaga dona unapata karibu kilo zote, ni wiki 15. Tofauti ni zaidi ya mwezi mzima wa ugali, tena na ile gharama ya kukoboa hulipi. Watoto wakikataa dona, anza na mchanganyiko nusu kwa nusu, na ulisonge kwa muda mrefu kidogo kuliko sembe kwa sababu linachelewa kuiva. Dona linalolalamikiwa kuwa chungu mara nyingi ni la zamani: kiini cha punje kina mafuta, na mafuta yakikaa kwenye unga yanachacha. Kwa joto letu usisage la zaidi ya wiki tatu. Saga debe moja moja. Gunia la kilo 100 ni madebe sita hivi, kwa hiyo debe ni kilo 16 au 17, yaani wiki mbili na nusu kwako.

Kabla ya kulipa, pima ukavu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu vijiko viwili na punje za mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika mbili tatu, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yana maji. Chumvi ikianguka chini yote, yanafaa kuhifadhi. Chumvi yenyewe iwe imekaushwa juani kwanza, vinginevyo kipimo kinakudanganya.

Mahindi mabichi kwenye gunia yanaleta ukungu na sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Punje zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi tupa, usiwape hata kuku. Kwa dumuzi na fukusi, wadudu wanaotoboa nafaka, mfuko wa tabaka tatu unawaua kwa kuwanyima hewa bila dawa. Tabaka la kwanza la nailoni funga peke yake kwa kusokota na kukunja shingo, kisha la pili, kisha la nje. Wengi wanafunga yote matatu kwa kamba moja, hewa inapenya, halafu wanasema mifuko ni ya uongo. Ukae juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasiwepo, maana tundu moja la panya limerudisha hewa.

Na ukifungua, usifungue kila wiki. Toa debe, funga tena siku hiyohiyo.

---

Mezani_kwa_Mzani

Dona_Misungwi yuko sahihi kwa mwenye gunia, lakini dada hapa ana 80,000 ya wiki na daftari la dukani. Kumwambia anunue gunia leo ni kumwambia asile wiki mbili. Kwanza daftari life. Anayenunua kwa daftari haulizi bei wala hachagui duka, anachukua kilichopo kwa kipimo kilichopo.

---

Dona_Misungwi

Nakubali. Ndiyo maana nimesema asubiri Juni. Ila aanze kutenga sasa, hata 3,000 kwa wiki.

---

Sado_na_Ndoo

Hapo juu watu wanaongelea kilo kana kwamba soko letu linauza kwa kilo. Nusu ya vitu vinauzwa kwa sado, kopo na fungu, na bei ikipanda mara nyingi haitangazwi: kipimo ndicho kinachopungua. Fungu la nyanya la 1,000 linabaki kuwa 1,000 mwaka mzima, nyanya zinatoka saba kuwa tano hadi nne. Anayeandika "nyanya 1,000" kwenye daftari lake ataona hakuna kilichobadilika.

Sado ni kopo la rangi la lita 4. Mchele likijaa sawa na mdomo ni kilo 3.2 hivi, mahindi karibu kilo 3. Angalia kitako. Kikibonyezwa kuingia ndani kwa sentimita moja tu, unapoteza karibu robo lita, sawa na gramu 200 za mchele. Hiyo ni karibu sahani mbili. Kuna masado yaliyobonyezwa zaidi ya hapo na kuzibwa kwa karatasi ili usione. Dawa yake: nenda na sado lako. Lipime nyumbani kwa chupa za maji za nusu lita. Zikiingia nane kamili bila kumwagika, ni sado kamili. Muuzaji akikataa kupimia humo, umepata jibu bila kugombana.

Kwenye mzani, tafuta stika ya Wakala wa Vipimo na angalia mshale au namba iko sifuri kabla hajaweka kitu. Sahani ya mzani iwe tupu. Usione haya kuomba atoe mfuko mzito anaopimia.

Fungu la samaki ni mtego mwingine. Vile visato vidogo vinavyopangwa vitano vitano ni mifupa na magamba, na sato wa chini ya sentimita 25 hata kuvuliwa haruhusiwi. Kilo moja ya sato wawili au watatu wa ukubwa wa kati ina mnofu mwingi kuliko mafungu mawili ya wadogo ya bei ileile. Ukitaka supu ya bei rahisi, chukua mapanki ya sangara (mifupa inayobaki mnofu ukishatolewa) yakiwa mapya, mifupa bado ikiwa na unyevu unaong'aa na isiyo na harufu. Chemsha na ndimu, tangawizi na nyanya, chuja kwa makini kwa ajili ya mdogo. Mapanki yaliyokaangwa jana na kurudiwa leo achana nayo.

Nyanya: usinunue za wiki nzima Jumapili, hapo tu unatupa robo yake. Nunua mara mbili, au nenda sokoni kuanzia saa kumi na moja jioni, uulize masalo, zile zilizoiva sana. Siku hiyohiyo zichemshe na chumvi na mafuta kidogo mpaka maji yakauke zibaki rojo zito. Bila friji rojo hilo linakaa siku mbili, tatu ukilichemsha kila jioni. Vitunguu vikae hewani kwenye kikapu, si kwenye mfuko wa nailoni, na mbali na viazi.

---

Mama_Buhongwa

Asanteni sana, nimekaa na kalamu hapa. Hiyo 16,800 imenikalisha kimya.

Maswali matatu. Maandazi nikipika mwenyewe si nitamalizia mafuta ya lita moja? Pili, mafuta ya lita 5 yanasemwa ni nafuu, ninunue? Tatu, mgeni akija ghafla hesabu za sahani zinakwenda wapi?

---

Chai_ya_Saa_Moja

La maandazi nalichukua mimi.

Unga wa ngano kilo 1, sukari gramu 100, hamira kijiko kimoja kikubwa, chumvi nusu kijiko cha chai, maji vuguvugu zaidi kidogo ya nusu lita. Donge lote linatoka kilo 1.6 na ziada. Ukikata ya gramu 48, yaani kama limau dogo, unapata 34. Ni asubuhi tatu kwa nyumba yako, ukipunguza moja kwa mdogo. Kanda jioni, umua saa moja na nusu, kaanga usiku, asubuhi pasha kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa.

Mafuta yanaisha kwa sababu mbili tu. Ya kwanza, andazi linatiwa mafuta yakiwa bado hayajapata moto, linakaa muda mrefu na kunyonya. Jaribu kwa kipande kidogo cha donge: kikizama na kuibuka ndani ya sekunde chache huku kikitoa mapovu, tia. Kikikaa chini, subiri. Ya pili, donge limeumuka kupita kiasi likawa na matundu makubwa, kila tundu ni kikombe cha mafuta. Tumia karai dogo lenye kina, si pana. Kilo moja ya unga ikikaangwa vizuri isile zaidi ya robo lita. Yaliyobaki chuja, funika, pikia mboga ndani ya wiki, usikaangie tena zaidi ya mara mbili.

Lakini usipike maandazi siku saba, utachoka wiki ya pili na kurudi kwa jirani. Asubuhi tatu maandazi, mbili viazi vitamu au mihogo, mbili uji. Uji wa vikombe sita, lita 1.8 hivi, unahitaji unga gramu 200 tu. Saga karanga zilizokaangwa kiganja kimoja uchanganye mwishoni, wa shule watafika mchana bila kulalamika. Na msimu wa kiangazi, kwa nini mtu wa Usukumani asahau michembe na matobolwa? Michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi na kukaushwa, matobolwa vimechemshwa kwanza. Matobolwa yanaliwa hata makavu na chai, michembe loweka saa moja kisha chemsha na karanga. Vinakaa miezi kwenye ndoo kavu na havitaki mafuta hata tone.

Gharama ya mpangilio huo ni kama 8,000 badala ya 16,800.

---

Mezani_kwa_Mzani

Mafuta ya lita 5: kwa mwendo wako ni wiki tano. Linganisha bei ya dumu na ya lita moja mara tano pale pale dukani. Tofauti ikiwa chini ya bei ya nusu lita, usijisumbue, maana dumu kubwa jikoni linafungua mkono. Ukilinunua, usilipikie moja kwa moja. Lifungie kabatini, na kila Jumapili jaza chupa mbili za soda za kioo za mililita 350 za mapishi, na robo lita ya maandazi kando. Chupa ikiisha Ijumaa, Jumamosi ni mboga ya karanga au ya kuchemsha. Mpishi akiona chupa imefika nusu Jumatano anajirekebisha mwenyewe bila kuambiwa.

Orodha mpya, bei zako zilezile:

Sembe kilo 6.5: 9,750
Mchele kilo 2.5: 6,250
Maharage na choroko kilo 1.5: 4,500
Mafuta lita 1: 6,000
Sukari kilo 1.25: 3,750
Nyama nusu kilo: 6,000
Sato kwa mzani, mlo mmoja: 6,000
Dagaa: 4,000
Nyanya na vitunguu: 6,000
Vitafunwa: 8,000
Mboga za majani: 5,000
Maziwa nusu lita kwa siku: 7,000
Chumvi, karanga, majani ya chai: 2,500
Mgeni: 5,250

Jumla 80,000 kamili. Dagaa nimekuongezea makusudi, nyama na sato nimepunguza. Nusu na zaidi ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, na watoto hawapotezi kitu. Nyama nusu kilo pika na ndizi au viazi ili mchuzi ubebe, usiipike kavu.

Choroko nimeiweka kwa sababu inaiva haraka bila kuloweka, maharage yanataka kulala majini usiku kucha. Mkaa uko fungu jingine lakini ni hela ileile ya nyumba. Maharage yaliyokaa sana ghalani hayaivi hata uwashe moto wa tanuru. Omba uoneshwe gunia, na kama ganda limekolea rangi na kukunjamana, acha.

Usitoe zote Jumapili. Toa 60,000 Jumapili na 20,000 Jumatano asubuhi. Hiyo ya pili ni ya nyanya za awamu ya pili, mboga, maziwa na vitafunwa vya siku zilizobaki. Zikiwa kwenye simu, toa mara mbili tu. Ukitoa elfu tano tano makato yanakula pesa ya mchicha.

Mgeni ana fungu lake, ndiyo maana lipo. Mgeni mmoja wa usiku ni sahani moja ya unga na mboga kidogo. Wiki asipokuja mtu, 5,250 hairudi kwenye nyama. Inaingia kwenye kibubu cha dagaa wa giza, na ikizidi, ndiyo ya gunia la Juni. Kwa wiki nne za kwanza itumie kufuta daftari la dukani, deni dogo kwanza.

---

Sado_na_Ndoo

Kwenye mboga za majani 5,000 inatosha wakati wa mvua, kiangazi itakubana kwa sababu mchicha na chainizi vinabaki vya kumwagilia tu. Anza sasa kukausha majani ya kunde kwa ajili ya nsansa, ile mboga ya majani makavu: chemsha dakika tano, kamua, anika kivulini chenye upepo siku mbili tatu. Jua kali linayachoma, yanageuka ya kahawia na machungu. Lita 4 za majani makavu zinapikwa mara nyingi, kiganja na nusu kwa mlo, na karanga.

---

Mama_Buhongwa

Nimepima sado langu kwa chupa sasa hivi. Zimeingia saba na nusu.

---

Sado_na_Ndoo

Basi gonga kitako kwa nyundo ya mbao kutokea ndani, likikaa sawa pima tena. Ikigoma kufika nane, ligeuze la kuchotea maji.

---

Kirumba_Asubuhi

Na kuhusu dagaa, dada, usiende wiki hii bila kutazama juu. Jua likizama na mwezi mkubwa ukachomoza mashariki papo hapo, tuko kwenye mpevu, mzigo ni mdogo. Ngoja mpaka usiku uwe hauna mwezi kabisa mpaka alfajiri, hesabu siku tatu nne za jua, ndipo mkusanye hela na majirani.